Leo Umeendesha Mangapi?

Ukitaka mtu aliyeendesha magari mengi kuwapita wote katika nchi hii, usihangaike na madereva wa mabasi pale Mwembe Tayari, ambao midomo yao huenda kasi kuliko mabasi yenyewe. Nenda Kuze, ndani ya Mji wa Kale, uulizie Mung'aro, chumba cha juu, ngazi inayopanda kando ya fundi wa vitanda. Magari ambayo matajiri wa Nairobi huyalilia, Mung'aro aliyakalia kabla yao, yakiwa bado na nailoni vitini. Na ukitaka mtu ambaye hajawahi kufika popote kwa gari aliloliendesha mwenyewe, usiondoke hapo ngazini. Ni huyohuyo.

Kazi yake ilikuwa kushusha magari melini. Meli ikifunga gati Kilindini, madereva huingia tumboni mwake, kila mmoja akatoka na gari moja, akalipeleka uwanjani palepale bandarini, akaliegesha, akashuka. Kisha kuna kigari cha kuwazoa na kuwarudisha melini wakachukue mengine. Mwendo ni wa mtu anayesindikiza mgeni. Na kuna miiko, ambayo Mung'aro aliishika kama dini: kiti hakisogezwi, redio haiguswi, kioo hakigeuzwi. Gari huegeshwa ngumi mbili kutoka kwa jirani yake, vioo vya pembeni vikakunjwa, ufunguo ukaachwa ndani, na dereva akaenda zake bila kugeuka nyuma. "Gari si lako," walikuwa wakikumbushana, na kweli halikuwa.

Alipomwoa Mbodze, binti wa Kaloleni aliyekuwa akiuza tangawizi na vitunguu saumu katika soko la Marikiti, walijizoesha jambo moja. Jioni Mung'aro akiingia tu, kabla hajavua viatu, mkewe humuuliza, "Leo umeendesha mangapi?" Naye hutaja idadi kwa maringo, kama mkulima anayetaja magunia. Siku ya idadi kubwa walicheka na kula wakiwa na furaha. Mapenzi ya watu maskini hayana mambo makubwa, na hili lilikuwa lao.

Basi ikafika siku ambayo sitaizungusha, nitaisema kama ilivyokuwa. Mbodze alikuwa na mimba ya mapacha, na uchungu ukamkamata Marikiti kabla ya wakati wake. Mung'aro yuko melini, simu za mkononi hakuna, teksi zilizopita zilikuwa na watu. Hamali mmoja alimwaga kabichi za watu chini, akina mama wakatandika leso juu ya mkokoteni, wakamlaza, na hamali akaanza safari ya kwenda hospitali. Njiani akazaliwa mtoto wa kiume. Hakulia. Dada yake, Dama, alizaliwa wodini, akalia kwa niaba ya wote wawili, na leo ni mwalimu huko Nakuru.

Mung'aro alipata habari jioni. Alikimbia mpaka wodini na nguo zake za kazi, akasimama mbele ya kitanda. Mbodze akamwangalia muda mrefu, kisha akamuuliza swali lao la kila siku, "Leo umeendesha mangapi?" Na Mung'aro, kwa mazoea tu, kwa ulimi uliozoea kujibu bila kumshauri mwenyewe, akasema, "Arubaini na moja." Mbodze akageukia ukutani. Tangu jioni ile hakuliuliza tena swali hilo. Walizaa wengine wawili, walicheka, waligombana kama watu wote wanavyogombana, wakazeeka pamoja, lakini swali lile halikurudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mung'aro aliusikia mshindo huo kila jioni alipokuwa akivua viatu.

Sasa mnaweza kuelewa kwa nini mtu mzima, mjukuu anaye, magoti yanamuuma, alistaafu akachukua akiba yake ya chama cha ushirika na kuagiza Japani gari dogo la mbio. Si la kazi, si la mizigo, ni saluni nyeusi yenye milango minne, bomba nne za moshi nyuma na injini ambayo vijana wa Tudor wangeiuzia figo. Kanisani walimcheka. Wengine walisema uzee umemvaa vibaya. Hakumweleza mtu, lakini mimi nitawaelezeni: alinunua gari ambalo lingewahi. Kila usiku kwa miaka thelathini alikuwa amepiga hesabu ya barabara ile kutoka Marikiti hadi hospitali, na kila usiku alikuta kwamba gari lenye nguvu lingefika.

Alikosea jambo moja tu, lakini lilikuwa ndilo lenyewe. Hakumuuliza Mbodze. Mbodze alizipata habari kwa mke wa Musyoka, rafiki wa mumewe, baada ya ibada, mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akavua kitambaa cha kichwani, akasema, "Gari la mbio silipandi, Baba Dama. Lipande wewe." Akaendelea kumenya vitunguu saumu. Na kwa kuwa Mung'aro alikuwa amelinunua ili yeye alipande, gari lilikuwa halijashuka melini na tayari limeharibika.

Siku ya kulipokea alikwenda na Musyoka, rafiki yake wa zamani wa bandarini, Mkamba wa Mwala aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake. Walilikuta kwenye yadi ng'ambo ya Makupa, limejaa vumbi la safari, limebanwa kati ya magari mengine kwa ngumi mbilimbili. Mung'aro akalizunguka mara mbili. Moyo ulimdunda, sitaficha, ulimdunda kama wa bwana harusi.

"Tazama matairi!" Musyoka akapiga kelele, amechutama. "Meno marefu hivi! Mpira wa Japani kabisa huu. Mzee, mtu asikudanganye uyatoe. Ukiyatoa, unipe mimi."

"Wewe una gari?"

"Nitanunua la kuyavaa."

Wakaingia. Mung'aro akawasha, na injini ikanguruma chinichini. Alitoka yadini taratibu, taa za tahadhari zikiwaka, magoti yakigusa usukani, mgongo umekunjika. Musyoka alimtazama, kisha akatazama kiti. Walipofika Kibarani, pale palipokuwa jaa la taka na sasa watu hupiga picha, barabara ilikuwa nyeupe mbele yao.

"Likanyage!" Musyoka akasema. "Mzee, likanyage tulione!"

Mung'aro alitaka. Wallahi alitaka. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa haujui, ulikuwa umefundishwa robo ya kwanza tu ya kikanyagio cha mafuta, na kwake robo nyingine hazikuwapo. Malori yakawapita, tuktuk ikawapita, na mwendesha baiskeli mwenye kreti za soda akawapungia mkono. Hivyo ndivyo gari la kukimbia lilivyoingia kisiwani.

Musyoka akashukia Makupa, na Mung'aro akaendelea mpaka duka la matairi karibu na Mwembe Tayari, la Mzamil, kijana wa Mji wa Kale ambaye babake aliwahi kuwa karani bandarini. Akaliegesha kando ya gari la mteja mwingine, ngumi mbili. Akakunja vioo. Akashuka, akafunga mlango, akaenda. Alikuwa amevuka barabara, amesimama ukingoni, anatazama kule magari yanakotokea, ndipo alipojiuliza anangoja nini. Alikuwa anangoja kigari cha kumrudisha melini.

"Mzee wangu!" Mzamil alikuwa akiita kutoka ng'ambo, ameinua ufunguo juu. "Wenda wapi? Gari n'nunue mimi?"

Mung'aro akarudi, uso umemshuka. Mazoea yana taabu. Akacheka ili asionekane ameaibika, na Mzamil, kwa adabu ya kwao, akacheka kidogo tu, kisha akamletea stuli na kahawa, wakasalimiana kama watu: hali ya nyumbani, hali ya watoto, hali ya magoti.

Kisha Mzamil akachutama pale Musyoka alipochutama, lakini yeye hakusifu. Alionyesha ubavuni mwa tairi mchoro mdogo wa mlima na nyota ndani yake.

"Hini ni tairi ya theluji, mzee wangu. Watengenezewa watu wa baridi. Mpira wake laini, umetiwa dawa usikakamae palipo na barafu. Hapa kwetu barafu utaiona wapi, kama si ile ya ukwaju? Lami yetu ikipata moto saa saba, mpira huno walegea. Ukikata kona mbio, gari yaogelea."

"Rafiki yangu kasema nisiyatoe."

"Rafikiyo ana gari?"

"Hana."

"Basi ndiyo maana." Mzamil akasimama, akajipangusa mikono. "Nna tairi za aina tatu za kukufaa. Kuna ya mbio: yashika lami kama ina gundi, lakini ikiona kokoto yalia. Kuna ya njia mbovu, ngumu, yapiga kelele lakini yafika. Na kuna hini ya katikati, ya mtu na ahali zake, haina makuu, na mvua ikinyesha haikutupi. Sasa niambie wewe. Gari hini wenda nayo wapi?"

Mung'aro akakizungusha kikombe cha kahawa.

Hebu mfikirieni. Magari yote yale aliyoyakalia yalikuwa yakienda mahali: Kampala, Eldoret, Kigali, Kisumu, kwa daktari, kwa mchungaji, kwa mheshimiwa. Yeye ndiye peke yake ambaye hakuwa akienda. Na sasa ameulizwa na kijana, kwa upole, swali ambalo hata mtoto mwenye gari la waya angelijibu. Alitaka kusema "hospitali". Lakini hakuna aliyekuwa na uchungu. Dama alikuwa mwalimu. Pacha wa Dama alikuwa amelala chini ya udongo wa Kaloleni kwa miaka thelathini. Mung'aro akaona, hapo juu ya stuli, kikombe mkononi, kwamba alikuwa amenunua gari la kuwahi siku iliyokwisha kupita, na jambo hilo likamuuma kuliko kicheko cha kanisani.

"Ngoja nikaulize," alisema.

"Ukamuulize nani?"

"Mwenyewe."

Akaenda nyumbani kwa miguu. Safari hii ufunguo ulikuwa mfukoni, na kila hatua ulimgonga paja.

Mbodze alikuwa amesharudi kutoka Marikiti. Alikuwa ameketi kwenye kibago karibu na dirisha, anachagua tangawizi ya kesho, nzuri huku, iliyovunjika kule. Mung'aro akavua viatu. Akangoja, kama alivyongoja kila jioni, na kama kila jioni swali halikuja.

"Mama Dama," alisema. "Ukiwa na gari, ungetaka kwenda wapi?"

Mkono wa Mbodze ukasimama. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Leo ndiyo unaniuliza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeona mvua mwezi usio wa mvua. Akachukua kipande kingine cha tangawizi, akakigeuza, akakirudisha. "Gari la mbio la nini, Baba Dama? Nieleze kwanza hilo."

Akamweleza. Alisema yote, kwa sentensi zilizokatika vipandevipande, macho yake yakiwa kwenye viatu: ile barabara, hesabu za usiku, injini, jinsi ambavyo lingefika. Mbodze alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Siku ile mbio hazikukosekana," akasema. "Yule hamali alikimbia. Alikimbia hata ndara zake zikabaki barabarani, akakimbia peku juu ya lami ya saa saba. Mtu asiyenijua! Mpaka leo namwombea. Mbio zilikuwako. Aliyekosekana ni wewe."

Safari hii ulimi wa Mung'aro ukapata akili ya kunyamaza.

"Na sikulaumu kwa kukosekana," Mbodze aliendelea. "Ungejuaje? Ulikuwa kazini. Ninachokulaumia ni kwamba hujaniuliza. Miaka yote hii, hujaniuliza hata mara moja ni wapi. Mtoto wako alizaliwa mahali, Baba Dama. Si njiani tu. Njia ni ndefu. Alizaliwa mahali, mimi napajua, na tangu siku ile nikifika karibu nazunguka kwa nyuma. Wewe umepita hapo mara ngapi, na hupajui?"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tulifundishwa tukiwa wadogo, na wengi wetu tunakuja kulielewa tukiwa na mvi. Mung'aro akafuta uso kwa kiganja. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Nipeleke hapo," Mbodze akasema. Akasimama, akajitanda leso yake. "Lakini polepole."

Wakaenda kwa Mzamil. Kijana alipomwona mama mtu mzima akaleta kiti chenye mgongo, akamwamkia, "Shikamoo mama," akaanza kueleza tena habari za mbio na kokoto. Mbodze hakukaa. Aliinama kwenye tairi la theluji, akalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kama anavyobonyeza tangawizi ya watu wanaotaka kumuuzia ya zamani. Ukucha ukazama kidogo.

"Hili limelegea," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akabonyeza la mbio. Akabonyeza lile gumu, akalipigapiga kwa kiganja, akatikisa kichwa. Mwisho akabonyeza lile la katikati, akaliinamia hata Mung'aro akadhani atalinusa, na kweli akalinusa.

"Hili halipigi kelele?"

"Halipigi, mama. Utasikia mazungumzo yenu tu."

"Basi hili."

Mzamil akamtazama Mung'aro, akatazama zile bomba nne za moshi, akawa na maneno mdomoni, akayameza. Kwa kuyameza hayo, namsifu mpaka leo. Akayafunga matairi mwenyewe, akapima upepo. Yale ya theluji akayaweka kando, na Mung'aro akamwambia asimpe mtu, hasa Musyoka.

Mbodze alipanda. Alifungua mlango wa mbele, akakusanya leso, akaketi, akaweka mkoba wake mapajani. Alimtazama tu mumewe akiingia upande wake, magoti yakigota usukani, shingo imeinama.

"Mbona umekaa kama kuku aliyefungwa?"

"Ndivyo kiti kilivyo."

"Kisogeze."

"Kiti hakisogezwi," Mung'aro akasema, haraka, kama mtu anayesoma amri.

"Kiti cha nani?"

Mkono wa Mung'aro ukashuka chini ya kiti, ukapapasa kwa woga, ukakipata kile chuma. Kiti kikarudi nyuma kwa mlio mdogo. Miguu yake ikanyooka. Akainua mkono akageuza kioo, na humo akajiona uso, wake mwenyewe, ukimtazama.

Walizunguka kwanza mpaka Marikiti, kwa sababu Mbodze alitaka kuanzia palipoanzia. Wenzake waliokuwa wakifunga meza walimwona, wakapiga vigelegele, na yeye akawapungia mkono bila kutabasamu. Wakashika barabara ya Digo, wakaingia Abdel Nasser, njia ya hospitali. Ilikuwa baada ya alasiri, watu wamejaa, tuktuk zinajipenyeza. Gari lile ambalo lingeweza kuiruka barabara hiyo kwa pumzi chache lilikwenda mwendo wa mkokoteni, na halikutoa hata mlio. Mbodze alikuwa akitazama juu, madirisha ya ghorofani, pembe za mapaa.

"Nilikuwa nimelala chali," alisema. "Njia hii naijua kwa juu."

Mung'aro akaendesha.

"Hapa," Mbodze akasema.

Palikuwa mahali hivi tu. Ukuta, duka la magodoro, mtu anayeuza mihogo ya kukaanga. Mung'aro alikuwa amepapita maisha yake yote.

"Palikuwa na mti wa mkungu," Mbodze akasema. "Umekatwa. Yule hamali alisimamisha mkokoteni kivulini ili nisichomwe na jua. Ilikuwa hapa."

Mung'aro akaegesha. Hakupima ngumi. Vioo hakuvikunja. Akazima injini, akauchomoa ufunguo, akaushika mkononi, akabaki ameketi. Nyuma yao dereva wa tuktuk alipiga honi, akatukana kidogo, akawapita. Harufu ya mihogo na pilipili iliingia dirishani. Walipatazama pale, wazazi wawili, kwa ajili ya miaka yote ambayo hawakuwahi kupatazama pamoja.

Jua lilianza kuondoka ukutani. Mbodze akapangusa macho kwa pindo la leso. Kisha, bila kumgeukia, kwa sauti ileile ya ujana wake, akasema:

"Baba Dama. Leo umeendesha mangapi?"

Mung'aro akaukaza mkono juu ya ufunguo.

"Moja," akasema.